Nani Atainunua? Mhadhara Kuhusu Wakati wa Kuuza Bunduki za Kale

Machi 2010, katika ukumbi wa mnada mjini Anaheim, California, ilipandishwa mbele ya watu bastola ambayo wakusanyaji wa silaha walikuwa wameipa jina kubwa: Luger ya dola milioni. Ilikuwa na namba 2. Kiwanda cha DWM cha Ujerumani kiliiunda itumie risasi nene ya .45, kwa ajili ya majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1907. Wamarekani hatimaye waliichagua bastola aliyoibuni John Browning, iliyotengenezwa na Colt, na Luger za aina hiyo zikaishia hapo. Zilizosalia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Uchache ulikuwepo, kisa kilikuwepo, namba ilikuwepo. Nyundo ya dalali ilipogonga na ada zikajumlishwa, bei ilikuwa dola 494,500.

Nusu ya jina lake. Chuma kilikuwa kilekile. Kilichopungua ni watu wenye fedha za kukifukuzia, kwa kuwa mabenki ya Marekani yalikuwa yametikisika mwaka mmoja na nusu tu nyuma, na waliokuwa wakipandishiana bei kwa furaha mwaka 2007 sasa walikuwa wakihesabu hasara zao kwingine.

Afrika Mashariki haina soko la namna hii. Tanzania na Kenya bunduki ni kitu cha kibali; mtu hupewa kwa sababu inayojulikana, na ile aliyoiacha babu darini bila makaratasi hupelekwa polisi, si kwa dalali. Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya nchi nzima haiihesabu kuwa silaha bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Iliyotimiza miaka 50 huingia katika fungu la vitu vya kihistoria, na mkusanyaji hupewa leseni maalumu ya kununua vitu hivyo. Ndiyo maana kuna nyumba za mnada, kama Rock Island ya Illinois na Morphy ya Pennsylvania, zinazojipatia riziki kwa kuuza mitutu ambayo huenda isifyatue risasi tena. Wanunuzi wake wapo wanaopenda historia, wapo wanaopenda ufundi, na wapo wanaonunua bunduki kama wengine wanavyonunua viwanja, waziweke zipande bei.

Ni kundi hili la tatu ambalo mhadhara huu unalihusu, na hasa kosa lake moja. Mkusanyaji anapojiuliza auze lini, huenda kabatini akaitazama bunduki: inang'aa, ni adimu, kitabu cha bei kinasema imepanda. Huko siko jibu liliko. Anayestahili kutazamwa ni mnunuzi wa kesho: ana umri gani, anakumbuka nini, sheria inamruhusu nini, na fedha anazipata kwa riba gani.

Tuanze na kinachouzwa. Tarehe 27 Agosti 2021, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza mjini Los Angeles bastola ya Colt ya mwaka wa 1880 hivi, chombo ambacho kiwanda kilitoa kwa maelfu, kwa zaidi kidogo ya dola milioni 6. Makadirio yalikuwa kati ya milioni 2 na 3. Ndiyo bastola ambayo Pat Garrett, sherifu wa Lincoln County, alimpigia risasi jambazi Billy the Kid usiku wa Julai 14, 1881, huko Fort Sumner, New Mexico. Pacha wake aliyetoka kiwandani siku hiyohiyo, asiyemuua mtu yeyote maarufu, angeuzwa kwa bei ya gari.

Tofauti hiyo ya mamilioni inakaa kwenye karatasi. Bastola hiyo alikuwa nayo Billy Wilson, mmoja wa genge la Billy the Kid, hadi genge lilipokamatwa Desemba 1880. Ikabaki kwa Garrett. Garrett alipouawa mwaka 1908, ilikuwa mikononi mwa mwenye baa mmoja wa El Paso aliyeitundika kwa maonyesho. Mjane wa sherifu, Apolinaria, alilazimika kwenda mahakamani kuidai, na mwaka 1934 akarudishiwa. Kesi ile ilimsumbua mama wa watu, lakini ilimfanyia mnunuzi wa mwaka 2021 kazi ambayo hakuna mtaalamu angeweza kuifanya: iliacha kumbukumbu za mahakama zinazosema bastola ni hii na ilipita kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika biashara hii daftari ndilo lenye thamani, chuma ni kiambatisho chake.

Mfano wa upande wa pili ni wa mpiga bastola maarufu Wild Bill Hickok, aliyepigwa risasi ya kisogoni akicheza karata mjini Deadwood mwaka 1876. Novemba 2013 Bonhams walileta sokoni, San Francisco, bastola ya Smith & Wesson inayosemekana alikuwa nayo siku hiyo. Neno "inasemekana" lilifanya kazi yake. Dau la juu kabisa lilikuwa dola 220,000, likashindwa kuifikia bei ya chini ambayo mwenye mali alikuwa ameikubali, na bastola ikarudi nyumbani. Miaka minane baadaye, katika mnada uleule wa bastola ya Garrett, ikaja bunduki nyingine ya Hickok, ile aliyozikwa nayo. Hii ilipata mnunuzi, kwa karibu dola 475,000.

Kurudi nyumbani kutoka mnadani si jambo dogo. Nyumba ya mnada huchapa orodha yenye picha, huitangaza dunia nzima, na kila mkusanyaji wa maana hujua bunduki fulani ilikataliwa kwa bei fulani. Akiirudisha mwakani, mwenyewe atakuta bei ile iliyokataliwa imegeuka dari. Kwa hiyo mtu ambaye ushahidi wake haujakamilika hana haraka ya kuuza hata soko likiwa moto. Haraka yake ni ya kutafuta karatasi. Colt na wengine hutoa barua za kumbukumbu zinazoonyesha namba fulani ilisafirishwa lini na kwa nani, na za Winchester hutolewa na jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, lililohifadhi madaftari ya kiwanda. Barua inagharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na inachoongeza. Wakati mwingine inachoongeza ni huzuni: bunduki iliyodhaniwa ya afisa wa wapanda farasi inakutwa ilipelekwa dukani.

Jumba la makumbusho nalo linaweza kufanya kazi ya barua. Mwaka 2019 mjini Paris, katika ukumbi wa Drouot, iliuzwa rivolva ndogo ya Lefaucheux iliyooza kwa kutu hadi kishikio hakipo, kitu ambacho fundi wa bunduki asingeokota njiani. Mkulima wa Auvers-sur-Oise aliikuta kondeni katika miaka ya 1960, karibu na mahali Vincent van Gogh alipojipiga risasi Julai 1890. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo yenyewe, na wauzaji walilisema hilo waziwazi. Ilikadiriwa euro 40,000 hadi 60,000, ikaenda kwa euro 162,500. Tazama tarehe: miaka mitatu kabla, mwaka 2016, ilikuwa imeonyeshwa Amsterdam katika jumba la makumbusho la Van Gogh lenyewe. Wenye mali hawakuiharakisha sokoni siku ilipookotwa. Walisubiri utafiti ufanyike, chombo chenye heshima kiipokee, watu wapige foleni kuiangalia, kisha wakauza kabla kumbukumbu ya maonyesho haijapoa.

Baada ya karatasi, sheria. Hakuna soko la vitu vya kale ambalo serikali inaligeuza kwa saini moja kama hili, na si mara zote kwa kulishusha.

Mwaka 1934 bunge la Marekani, likiwa limechoshwa na majambazi wa Chicago, liliweka kodi ya dola 200 kwa kila bunduki ya rashasha inayobadilisha mikono. Kodi hiyo ilikaribia bei ya bunduki yenyewe. Kisha Mei 19, 1986, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyosema kwamba rashasha ambayo haikuwa imesajiliwa kufikia siku hiyo haiwezi kumilikiwa na raia kamwe. Idadi ikagandishwa. Tangu siku hiyo haizidi, hupungua tu kwa moto, kwa wizi na kwa kuchakaa. Bunduki duni ya MAC-10, bati lililopindwa likaundwa silaha, iliyokuwa ikipatikana kwa dola mia chache, leo inaulizwa kwa takribani dola 10,000. M16 iliyosajiliwa kabla ya siku ile ni dola 30,000 na kuendelea. Kejeli yake ni tamu: wapo wenye rashasha hizo wanaopiga kelele kutwa kucha kudai uhuru kamili wa silaha, na uhuru huo ukipatikana kesho asubuhi, mali yao itaporomoka hadi bei ya bunduki mpya ya kiwandani ifikapo jioni.

Mwenye rashasha, basi, hamiliki kitu cha kale. Anamiliki zuio. Anapojiuliza auze lini, asome magazeti ya siasa na ya mahakama kuliko vitabu vya wakusanyaji. Sheria ya kodi iliyopitishwa Marekani mwaka 2025 imeiondoa ile kodi ya dola 200 kwa vizuia sauti na bunduki zilizofupishwa mitutu, kuanzia Januari 2026. Rashasha zimeachwa palepale. Lango lililokaa limefungwa miaka 90 limesogezwa kidogo upande mmoja. Huenda likaishia hapo. Ila mtu aliyeweka akiba yake yote ya uzeeni katika M16 nne anapaswa kuisikia sauti ya bawaba.

Uingereza sheria ilikwenda njia nyingine. Machi 13, 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kihalali. Mwaka uliofuata bunge likapiga marufuku karibu bastola zote za raia, na takribani 160,000 zikasalimishwa kwa fidia. Walioachiwa nafasi ndogo ni wenye bastola za thamani ya kihistoria, kwa masharti. Mkusanyaji wa Kiingereza aliyekuwa akisubiri bei ipande miaka miwili zaidi alijikuta akipewa bei na serikali, fomu mkononi. Australia nayo, baada ya mauaji ya Port Arthur mwezi Aprili 1996, ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000. Kwa nchi hizo lilikuwa jambo la uhai wa watu na si la mitaji ya wakusanyaji, na ni vigumu kumwonea huruma sana mtu aliyekosa faida. Lakini kwa mwenye kupima hatari za uwekezaji, mifano hiyo haina budi kuwa mezani: mali hii inaweza kuondolewa sokoni na msiba uliotokea kilomita mia tano kutoka kwake.

Kuna sheria nyingine iliyowapata wauzaji wa Colt bila wao kuitarajia, nayo ina mizizi yake pwani yetu. Katika karne ya 19, mji wa Ivoryton na jirani yake Deep River, katika jimbo la Connecticut, viliishi kwa kukata pembe za ndovu kuwa vibonye vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja, ikiwa imebebwa mabegani kutoka bara. Mto Connecticut, unaopita jirani na miji hiyo, juu zaidi unapita Hartford, kilipokuwa kiwanda cha Samuel Colt, na bastola za fahari zilizotoka humo zilivishwa vishikio vya pembe. Ndovu wa Afrika alipowekwa chini ya ulinzi wa juu kabisa wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi, wakusanyaji wa Colt hawakushtuka sana. Biashara ya ndani ya Marekani iliendelea. Walishtuka mwaka 2016. Aprili Kenya ilichoma tani 105. Mwezi Julai kanuni mpya za serikali ya Marekani zikaanza kutumika, zikizuia karibu biashara yote ya pembe za ndovu nchini humo, na mwezi huohuo sheria kali ya California nayo ikaanza.

Vitu vilivyopita miaka 100 viliachiwa, lakini mzigo wa kuthibitisha umri ukamwangukia muuzaji. Bastola ya mwaka 1875 ni rahisi kuithibitisha. Kishikio chake je? Vishikio hufunguliwa kwa skrubu chache tu, na mwana wa mtu angeweza kukibadili mwaka 1950. Waliokuwa na barua ya kiwanda iliyotaja vishikio vya pembe tangu mwanzo waliendelea kuuza. Wengine walikuta mnunuzi wa jimbo jingine hathubutu kuipokea mali. Hapa tena aliyeuza mapema ni yule aliyeangalia mambo yaliyo nje ya kabati lake. Mjadala wa ndovu ulikuwa ukiendelea hadharani kwa miaka kadhaa kabla ya kanuni kutoka.

Hata Ufaransa, ambako bunduki za kale huuzwa kwa utulivu, serikali ina mkono wake. Julai 2024 mjini Fontainebleau ziliuzwa bastola mbili za Napoleon, zile ambazo alikusudia kujiua nazo mwaka 1814 baada ya kushindwa, kisha akampa Caulaincourt, mtu wake wa karibu. Zilifika karibu euro milioni 1.7. Muda mfupi tu kabla ya mnada, wizara ya utamaduni ilizitangaza kuwa hazina ya taifa, hivyo haziwezi kutoka nchini kwa muda wa miezi 30 huku serikali ikipewa nafasi ya kutoa dau lake. Mnunuzi wa New York au wa Dubai anaposikia hivyo hupunguza shauku. Familia yenye kitu cha namna hiyo inauza kwa wanunuzi wachache kuliko inavyodhani.

Sasa lile linalotajwa kwa sauti ya chini zaidi katika maonyesho ya bunduki: umri.

Tamthilia ya Gunsmoke ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1955 na ikadumu hadi 1975. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1958, akilala na kuota masherifu na Winchester, alizaliwa 1948. Alipofika miaka 50 watoto wameshahama, nyumba imeshalipwa, na mkononi ana fedha za kununua kile alichokiota. Ni kizazi hicho kilichopandisha Colt na Winchester. Leo mtoto yule anakaribia miaka 80. Hanunui tena, anauza, au wanawe wanauza kwa niaba yake. Bidhaa inarudi sokoni kwa wingi wakati waliokuwa wakiigombania wamepungua. Vilevile Luger na panga za Kijapani walizorudi nazo askari wa vita vya pili vya dunia: askari hao wamekwisha kuondoka, wana wao ni wazee, na mjukuu anakumbuka bastola katika mchezo wa video, si katika simulizi la babu.

Hii haina maana kwamba vitu vya zamani hushuka vyote. Kilele cha soko kina wanunuzi wake siku zote. Aprili 2018 Rock Island waliuza Colt Walker ya mwaka 1847, yenye sanduku lake na iliyokuwa ya nahodha mmoja wa Denmark, kwa dola milioni 1.84. Walker zilizoundwa hazizidi sana 1,100, na yenye sanduku namna ile haijulikani nyingine. Theodore Roosevelt naye hajachuja. Aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda, miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo ya marisau, yenye mitutu miwili, aliyozawadiwa na kiwanda cha A. H. Fox cha Philadelphia. Oktoba 2010, mwaka uleule Luger ya milioni ilipoanguka, bunduki hiyo iliuzwa Maine kwa dola 862,500. Bastola yake ya Smith & Wesson ikafika dola 910,625 mwaka 2022. Ernest Hemingway, ambaye jina lake Kenya bado linauza vyumba vya hoteli, alikuwa na bunduki nzito ya Westley Richards iliyopata dola 340,000 mwaka 2011. Rais na mwandishi wana wasomaji wapya kila kizazi. Wanaoumia ni wa katikati: mwenye Winchester nzuri lakini si ya mtu, Luger safi lakini si adimu, ambazo kitabu cha bei kinaendelea kuzisifu huku meza za maonyesho zikijaa za namna hiyohiyo.

Kizazi kipya nacho kina ndoto zake. Agosti 2022 Rock Island hiyohiyo iliuza kwa dola milioni 1.06 kitu kilichotoka katika sinema: bastola ya mchezo ya Han Solo katika filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyoundwa kwa sehemu za bastola ya Mauser C96. Wazee wengine ukumbini walitikisa vichwa. Wangefanya vyema kuuliza aliyeinunua alizaliwa mwaka gani.

Somo zuri zaidi la wakati linatoka kwa rivolva ya Colt Python. Ilianza kuuzwa mwaka 1955, ikasifiwa kwa ulaini wa mtambo wake, na kiwanda kikaacha kabisa kuiunda mwaka 2005. Oktoba 2010 ikaonekana kwenye mkono wa shujaa wa tamthilia ya The Walking Dead, na vijana ambao hawajawahi kutazama Gunsmoke wakaanza kuitafuta. Bei zikapita dola 3,000 kwa zilizo nzuri, na wenye nazo wakajiona werevu. Januari 2020 Colt ikatangaza: Python imerudi, mpya, dola 1,499. Zile za kale zilizo safi kabisa, ndani ya boksi lake, ziliendelea kupendwa. Mkusanyaji halisi hataki ya kisasa. Lakini wapo waliokuwa wakinunua ya kale ili tu waende nayo uwanja wa shabaha, na hao wakapata mlango mwingine kwa nusu ya bei. Kiwanda ambacho bado kipo, chenye jina lake na mashine zake, kinaweza kurudi sokoni siku yoyote. Dirisha la kuuza Python ya kawaida lilikuwa wazi kwa miaka tisa, na lilifungwa kwa tangazo moja.

Bunduki ya Kirusi ya Mosin-Nagant inafundisha hesabu ya aina nyingine. Ziliundwa takribani milioni 37. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zikiuzwa Marekani chini ya dola 100, zimepakwa grisi nzito, zimepangwa makreti kwa makreti. Baadaye mizigo ilikauka, vikwazo dhidi ya Urusi vikaongezeka tangu 2014, na bunduki ileile ikawa ya dola mia tatu, mia nne. Kwa asilimia, imeishinda mitaji mingi. Kwa fedha za mkononi, aliyenunua tano amepata faida ya kununua pikipiki chakavu, baada ya kuzipa nafasi kabatini kwa miaka 20.

Na hesabu hiyo ya mkononi ndiyo inayokimbiwa. Chukua bunduki iliyonunuliwa dola 10,000, ikakaa miaka 15, ikagongewa nyundo kwa 20,000. Imeongezeka maradufu, mwenyewe anasimulia kwa majirani. Nyumba ya mnada ikichukua asilimia 10 kwa muuzaji, zinabaki 18,000. Faida ni 8,000. Marekani vitu vya kukusanya vilivyokaa zaidi ya mwaka hutozwa kodi ya nchi hadi asilimia 28 ya faida, wakati hisa hazivuki 20; kwa kiwango hicho cha juu zinaondoka 2,240. Anakwenda nyumbani na dola 15,760, sawa na ukuaji wa takribani asilimia 3 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu bima, kabati la chuma na mafuta ya kuzuia kutu. Mfumuko wa bei umekula karibu yote. Isitoshe, mnunuzi naye hulipa ada yake kwa nyumba ya mnada, mara nyingi sehemu ya tano ya bei au zaidi, na bei zinazotangazwa magazetini huwa zimejumlisha ada hiyo ambayo muuzaji haioni kamwe. Aliyesoma kwamba bunduki kama yake imeuzwa dola 24,000 asitarajie kupewa hizo.

Sheria hiyohiyo ya kodi ina mlango wa nyuma unaowachanganya wengi. Mwenye mali akifa, warithi huhesabiwa kwamba wamepokea bunduki kwa bei ya soko ya siku ya kifo. Wakiiuza kesho yake, faida haipo na kodi ya faida haipo. Kwa karatasi, basi, wakati bora wa kuuza ni baada ya mazishi. Wanasheria wa mirathi husema hivyo na hawakosei. Lakini warithi ni nani? Mara nyingi ni mjane asiyejua tofauti ya Walker na nakala ya Italia, na vijana wanaoishi miji yenye masharti makali, wanaotaka kabati liondoke sebuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyekusanya kwa miaka 40 ana kichwani mambo ambayo hayamo katika barua yoyote: alinunua kwa nani, ipi ilipakwa rangi upya, ipi si ya kweli na alijua tangu mwanzo akanyamaza. Anapokufa, yote hayo yanakwenda naye. Kodi ya asilimia 28 ni ghali; dalali wa mtaani anayekuja na gari kununua kabati zima kwa bei moja ni ghali zaidi.

Wajukuu wa Al Capone, jambazi wa Chicago, waliliona hilo kwa njia yao. Bastola ya Colt aliyoipenda babu yao ilikaa kwenye familia tangu alipofariki mwaka 1947, na Oktoba 2021 waliiuza mjini Sacramento pamoja na vitu vyake vingine. Sababu walizotoa zilikuwa za kawaida kabisa: wanazeeka, na moto wa misitu wa California unakaribia nyumba. Makadirio ya bastola yalikuwa dola 100,000 hadi 150,000. Iliuzwa dola 860,000. Bahati ilikuwapo, maana riba za benki zilikuwa karibu na sifuri na janga la korona liliwaacha matajiri na fedha nyingi na safari chache. Mwaka uliotangulia ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki Marekani ulikuwa umefika milioni 39.7, rekodi isiyowahi kuonekana. Lakini zaidi ya bahati, waliuza wakiwa bado hai wao wenyewe, wajukuu wa damu, wanaoweza kuandika na kutia saini kwamba bastola hii ndiyo aliyokuwa akiiita jina la mapenzi. Vitukuu wasingeweza kuandika karatasi hiyo.

Wakusanyaji wenye busara siku hizi huchanganya njia mbili. Vipande vichache vya juu, vile ambavyo thamani yake inategemea ushahidi wa mwenyewe, huuzwa angali na nguvu ya kusimama mnadani, na kodi hulipwa. Vya kawaida huachiwa warithi, kila kimoja kikiwa na bahasha yake: risiti ya kununulia, barua ya kiwanda, picha, na jina la nyumba mbili za mnada zinazostahili kupigiwa simu. Mazungumzo na nyumba hizo nayo yana wakati wake. Ada ya muuzaji hupunguzwa, wakati mwingine hadi sifuri, kwa mtu anayeleta kundi zima lenye kipande kimoja au viwili vya kuvuta watu; mnada wenyewe huchaguliwa, kwa kuwa ule mkubwa wa mwaka wenye wanunuzi wa nchi za nje si sawa na ule wa mtandaoni wa kila mwezi; na bei ya chini ya kutoshuka huandikwa kwenye mkataba. Yote hayo hujadiliwa bunduki ikiwa bado kabatini kwa mwenyewe. Ikishapakiwa kwenye lori, anayepanga ni mwenye ukumbi.